Hitimisho Lisitangulie Jaribio

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto huanza kutoa hoja kutokana na dalili kabla hajaingia darasa la kwanza. La kusikitisha ni kwamba aghalabu masomo ya sayansi katika shule za msingi humfundisha kuiacha tabia hiyo njema.

Mfano mzuri ni jaribio mashuhuri la mshumaa. Mwalimu husimamisha mshumaa unaowaka katika sahani ya maji, kisha huufunika kwa bilauri. Mshumaa huzimika, na maji hupanda ndani ya bilauri. Vitabu vingi vimeeleza kuwa maji hayo hujaza nafasi ya oksijeni iliyoteketea. Na kwa kuwa oksijeni ni asilimia 21 hivi ya hewa, yapasa yapande sehemu moja kwa tano. Maneno hayo huandikwa ubaoni, wanafunzi huyanakili, na somo huishia hapo.

Lakini mwanafunzi atazamaye kwa makini ataona jambo jingine. Mshumaa ungali ukiwaka, maji hupanda kidogo tu. Hupanda kwa kasi mwali unapofifia na kuzimika. Kama sababu ingekuwa kuteketea kwa oksijeni, yangepanda polepole muda wote wa kuwaka. Tena, mishumaa mitatu ikifunikwa kwa bilauri ile ile, maji hupanda zaidi, ingawa oksijeni iliyomo haikuongezeka. Dalili zote mbili zaelekea kwenye sababu nyingine: hewa iliyopashwa moto hutanuka; mwali ukizimika hupoa na kusinyaa, na hewa ya nje husukuma maji kuingia ndani. Isitoshe, mshumaa huzimika ingali imebaki oksijeni nyingi, na kule kuwaka huzaa kaboni dioksidi na mvuke.

Basi mtoto asemaye, "Maji yamepanda baada ya moto kuzimika," ameona kweli. Akiambiwa amekosea kwa sababu kitabu chasema vingine, atajifunza kwamba macho yake hayana thamani mbele ya ubao. Hufika sekondari akiwa hodari wa kunakili, naye mwalimu wa huko hushangaa kuona ripoti za maabara zenye hitimisho moja, hata pale vipimo vinapotofautiana.

Dawa yake haihitaji vifaa vya gharama. Mshumaa mmoja watosha darasa zima, mradi ubao ubaki mtupu hadi maswali matatu yajibiwe: Umeona nini? Wadhani sababu ni nini? Ni jambo gani likitokea litaonyesha kwamba umekosea? Swali la kwanza hutenga kilichoonwa na kinachodhaniwa. La pili hudai hoja. La tatu huzaa jaribio jipya.

Mitihani nayo haina budi kutoa alama kwa hoja, si kwa jibu pekee. Si kila wingu huleta mvua. Mtoto afundishwe kulipima wingu mwenyewe.