Maumivu ya Koo Yasidharauliwe

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba tunaoukusudia leo ni maumivu ya koo ya mtoto, na kinachoharibika baadaye ni moyo wake.

Kinga ya mwili ni mlinzi wa nyumba, lakini yako maradhi ambayo mlinzi huyo humgeukia mwenye nyumba. Miongoni mwao ni homa ya baridi yabisi. Mtoto, aghalabu wa miaka 5 hadi 15, huambukizwa koo na bakteria waitwao streptokoka. Koo hupona, na baada ya wiki 2 au 3 huja homa na kuvimba viungo. Kinga iliyotakiwa kuwaua bakteria hushindwa kuwatofautisha na mwili wenyewe, ikaushambulia moyo. Vilango vya kupitishia damu hufanya makovu, visifunguke wala kufungika sawasawa. Kila homa ikirejea, madhara huongezeka. Wapo wanawake wanaotambua kuwa ni wagonjwa siku wanapobeba mimba na moyo kulemewa.

Dawa yake si ngeni. Penisilini ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo kuanza kuuma huizuia homa hiyo. Aliyekwisha kuugua huhitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Asipoipata, huenda akalazimika kuvuka bahari kwenda kupasuliwa moyo Dar es Salaam.

Visiwa vya Martinique na Guadeloupe, huko Karibi, vilianza kampeni ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wananchi na waganga walielimishwa, wagonjwa wakaandikishwa. Katika miaka 10 wagonjwa wapya walipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Wao ni watu wa visiwani kama sisi.

Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya maradhi haya. Lakini azimio halimchomi mtoto sindano. Hapana budi maafisa wahakikishe kuwa penisilini haikosekani kituoni, hata kusi inapovuma na vyombo haviwezi kuvuka. Kila kituo kiwe na daftari la wagonjwa, na asiyefika siku yake afuatwe nyumbani kwa msaada wa sheha. Na sisi wazazi, mtoto akilalamika koo tusingoje lipoe lenyewe; tumpeleke kituoni siku hiyo hiyo.