Asilimia Kumi Tunayoitupa kwa Ruhusa

Malalamiko ya Dar es Salaam kuhusu taka za ujenzi ni yale yale kila mwaka: kifusi kimemwagwa kando ya barabara, mtaro umezibwa na vipande vya tofali, bonde limejazwa usiku wa manane. Serikali ya mtaa inatoa onyo, mwenye lori anapigwa faini akikamatwa, na mjadala unaishia hapo. Wanaosoma safu hii kila wiki wanajua kwamba sina huruma na mtu anayemwaga kifusi mtaroni, na wiki hii sijalegeza. Lakini nimechoshwa na mjadala unaoanza lori linapotoka getini. Kifusi kile ni sehemu tu ya mali inayopotea, na hadi kinapopakiwa, hasara ilishatokea zamani: kwenye ramani, kwenye oda ya vifaa na kwenye mapatano ya malipo kati ya mwenye nyumba na fundi. Tumeihalalisha wenyewe. Kila makadirio yanaongezewa asilimia 5 au 10 “ya upotevu”, na baada ya hapo hakuna anayeuliza asilimia hiyo ilikwenda wapi.

Chukua nondo, maana hesabu yake haina ubishi. Nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12. Nguzo zikihitaji vipande vya mita 3.5, kila nondo inatoa vipande vitatu na kubakiza mita moja na nusu. Hiyo ni asilimia 12.5 ya nondo nzima, na fundi hajakosea popote. Amekata kama alivyoelekezwa. Kwenye nondo 100 za milimita 12, mabaki yanafika mita 150, karibu kilo 133 za chuma, yaani nondo 12 na nusu zilizolipiwa bei ya dukani. Sasa fundi huyo huyo apewe, kabla hajakata kipande cha kwanza, orodha ya nondo zote za jengo. Ataona kwamba lenta ya juu ya dirisha la mita 1.2, ikiegemea ukuta sentimita 15 kila upande, inataka kipande cha mita 1.5 kamili, na mabaki ya nguzo yameshapata kazi. Orodha hiyo ya nyumba ya kawaida ni kazi ya jioni moja. Kwenye saiti nyingi za watu binafsi haipo, kwa sababu nondo zinanunuliwa kwa awamu kadiri pesa inavyopatikana, na anayekata za nguzo mwezi Machi hajui lenta ya Juni itataka nini. Mabaki yanatupwa kona ya uwanja, yanaota kutu, na lenta ikifika mwenye nyumba anaagizwa nondo mpya za mita 12 zikakatwe vipande vya mita moja na nusu.

Nondo angalau mabaki yake yanaonekana. Hasara inayonikera zaidi ni ile inayobaki ndani ya jengo na kupakwa rangi. Uingereza, miaka ya 1970, mtafiti wa majengo E. R. Skoyles alikwenda kupima saiti zenyewe badala ya kuamini makaratasi ya makadirio, akatenganisha upotevu wa aina mbili: vifaa vinavyovunjika na kutupwa, na vifaa vinavyotumika kupita kipimo. Plasta ni mfano wa huo wa pili. Ramani inataka unene wa milimita 15. Ukuta ukijengwa bila kufuata timazi, fundi wa plasta analazimika kuziba mashimo na kunyoosha migongo, na unene unafika milimita 25. Kwenye mita za mraba 200 za ukuta, tofauti hiyo ni mita za ujazo 2 za udongo wa plasta, na kwa mchanganyiko wa moja kwa tano zinamezwa kama mifuko 12 ya saruji. Hakuna lori litakaloibeba mifuko hiyo, hakuna afisa mazingira atakayeipiga picha. Mwenye nyumba ataambiwa tu kwamba saruji imekwisha.

Ushahidi unaoivunja kabisa desturi ya asilimia ya jumla ulitoka Brazil. Carlos Formoso na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliona kwamba upotevu wa kifaa kile kile unatofautiana sana kutoka saiti moja hadi nyingine. Kama saiti moja inapoteza kidogo na jirani yake inapoteza mara kadhaa ya hapo, basi upotevu si tabia ya saruji wala ya tofali. Ni tabia ya usimamizi. Anayepachika asilimia moja kwa saiti zote anamruhusu mzembe apoteze kwa amani, na yule makini hana sababu ya kuendelea kuwa makini.

Jibu la haraka la wenye nyumba wengi ni kwamba tatizo ni wizi: mafundi wanaiba, vibarua wanatoroka na saruji. Wizi upo, sikatai. Lakini saiti isiyo na daftari la stoo haiwezi kutofautisha mfuko ulioibwa, mfuko ulioganda kwa kulazwa kwenye sakafu yenye unyevu na kuegemezwa ukutani, na mfuko ulioingia kwenye rundo la zege lililochanganywa kubwa kupita kiasi likashika wakati watu wamekwenda kula. Yote mitatu inaitwa “imekwisha”, na fundi mwaminifu anabebeshwa tuhuma asizoweza kujitetea nazo. Daftari linalosema mifuko mingapi imeingia, mingapi imetoka na imekwenda kujenga nini linamlinda fundi huyo kuliko linavyomlinda mwenye nyumba.

Tena tuangalie tunavyolipa. Kwa kawaida mwenye nyumba ananunua vifaa na fundi analipwa ufundi tu, mara nyingi kwa idadi ya tofali alizojenga. Kwa mapatano hayo, tofali lililovunjika halimpunguzii fundi hata shilingi, ila muda wa kutafuta nusu tofali lililobaki jana ili lizibe pengo la leo unamkata kipato. Kwa hiyo anachukua tofali zima na kulipiga mwiko. Angekuwa mpumbavu asipofanya hivyo. Na tofali lenyewe mara nyingi limenunuliwa kwa bei ya chini kutoka kwa mfyatuaji aliyekamua mfuko mmoja wa saruji kupita kiasi, kwa hiyo jingine linavunjika wakati wa kupakia, jingine wakati wa kushusha, jingine mkononi. Lawama tunamwangushia kibarua aliyelishika mwisho.

Wapo wanaosema kwamba nchini kwetu hakuna kinachopotea hasa: mabaki ya nondo yananunuliwa na watu wa chuma chakavu, mbao na mirunda inaishia kuwa kuni, kifusi kinajaza kiwanja cha mtu. Ni kweli, na watu hao wanafanya kazi ambayo miji tajiri inalipia. Lakini angalia bei. Nondo iliyonunuliwa kama nondo inauzwa kwa kilo ya chakavu. Tofali lenye saruji ndani yake linageuka kuwa udongo wa kujazia. Na mchanga uliochanganywa kwenye plasta isiyo ya lazima ulichimbwa mahali, pengine kwenye kingo za mto kama Mbezi au Tegeta, ambako uchimbaji umekuwa ukila kingo na kusogeza mto karibu na nyumba za watu. Kifusi hakirudi kuuziba mto ule.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaojenga kidogo kidogo kwa mshahara: wakadiriaji majenzi ni wa maghorofa, na masharti mapya yatakuwa karatasi nyingine tu ya kulipia halmashauri. Hofu hiyo ina msingi. Uingereza iliweka sheria mwaka 2008 kwamba miradi ya zaidi ya pauni 300,000 lazima iwe na mpango wa taka wa saiti, ikaifuta mwaka 2013. Hong Kong ilipita njia nyingine: tangu mwaka 2006 taka za ujenzi zinatozwa kwa tani, mwanzoni dola zao 125 zikipelekwa dampo na 27 zikiwa kifusi safi kilichochambuliwa, viwango vilivyopandishwa mwaka 2017. Hapo mkandarasi alianza kuhesabu, kwa sababu kutochambua kulikuwa kunamtoka mfukoni. Hilo ndilo ninalolitaka hapa: hasara impate mtu mahususi, na akiba vilevile.

Naomba basi mapatano ya ufundi yabadilike kwanza, kabla ya sheria yoyote. Asilimia ya jumla ifutwe, na badala yake iwepo orodha ya nondo, idadi ya tofali kwa kila ukuta na unene wa plasta ulioandikwa, na fundi apate sehemu ya kinachookolewa. Nitaambiwa kwamba fundi akipewa sehemu ya akiba atapunguza saruji kwenye zege na nyumba itakuja kuua watu. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo sababu saruji isihesabiwe kabisa kwenye akiba: ipimwe kwa ndoo au boksi, mchanganyiko ule ule mwanzo hadi mwisho, na anayepunguza afukuzwe. Akiba ihesabiwe kwa vitu vinavyoonekana na visivyoweza kughushiwa. Nondo zipunguzwe kwa mpangilio wa kukata tu, si kwa kuondoa hata moja iliyochorwa na mhandisi. Kisha nusu ya thamani ya nondo zilizosalia nzima, na nusu ya thamani ya tofali zilizosalia bila kuvunjika, apewe fundi siku ya malipo ya mwisho, na sharti hilo liandikwe na kusainiwa kabla tripu ya kwanza ya mchanga haijamwagwa.