Vidonge Vitatu vya Tata

Nianze kwa kukiri: pesa za vile vidonge nilizituma mimi.

Ilikuwa Julai, na Itumbe mwezi wa Julai si mchezo. Ukungu unashuka kwenye majani chai usiku na asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Tata, yaani baba yangu, kwa maana sisi Wakisii baba mzazi tunamwita tata, alianza na mafua kama kila mtu pale nyumbani. Siku ya nne akashindwa kumaliza sentensi bila kuhema. Wakamteremsha hadi Kisii mjini, akalazwa, akawekewa oksijeni. Mimi nilikuwa Nairobi kazini. Daktari akaongea nami kwa simu ya mama.

"Inaonekana ni influenza, imeshika mapafu," akasema. "Sindano ya bakteria tumeshaanza. Lakini tungependa kuongeza azithro, itapunguza inflamesheni. Hapa imeisha, mnunue nje."

Vidonge vitatu, kimoja kwa siku. Kabla simu haijakatwa, M-Pesa ilikuwa imeshaingia.

Tata alipona. Na ugomvi wangu unaanzia hapo hapo, kwenye kupona kwake. Kwa sababu nyumbani hakuna anayekumbuka oksijeni. Hakuna anayekumbuka wauguzi waliomgeuza usiku, wala sindano zile nyingine, wala mwili wake wenyewe uliopigana siku tisa. Kinachokumbukwa ni vile vidonge vitatu. Sasa mtu akipiga chafya mara mbili, anatumwa mtoto kwa kemisti: "Mwambie akupe ile ya tata."

Hebu tumtendee haki yule daktari kwanza. Hakuwa anabahatisha tu. Influenza ni virusi, na antibiotiki haziui virusi. Hilo tulifundishwa darasani. Ila azithro na ndugu zake wa kundi la makrolaidi wana tabia ya pili. Mbali na kuzuia bakteria kuzaana, wanaweza kutuliza mchochota, ile hali ya mwili kuwaka moto wenyewe ukipigana na ugonjwa. Huko Japan, tangu miaka ya 1980, madaktari wamewapa wagonjwa wa ugonjwa fulani sugu wa njia za hewa dozi ndogo za erithromaisini, na maisha yao yakawa marefu. Na kwenye influenza kali, wakati mwingine huo moto wa mwili unaumiza mapafu pamoja na virusi vyenyewe. Kwa hivyo wazo lilikuwa na miguu. Lilistahili kupimwa.

Likapimwa. Mwaka wa 2017 watafiti wa Hong Kong walichapisha matokeo ya wagonjwa 217 waliolazwa na influenza. Nusu walipewa Tamiflu, dawa ya virusi. Nusu ya pili walipewa Tamiflu pamoja na klarithromaisini na naproksini kwa siku mbili za kwanza. Katika siku 30, waliokufa kundi la kwanza ni 9. Kundi la pili, mmoja. Ukisoma hapo unataka kupiga vigelegele. Lakini ngoja. Hospitali ni moja. Madaktari walijua nani anapewa nini. Na naproksini ni dawa ya maumivu inayotuliza mchochota, haina uhusiano wowote na antibiotiki. Ukipika ugali na mchicha na nyama, mgeni akashiba, utasema ameshibishwa na mchicha?

Mwaka huo huo, tena Hong Kong, wagonjwa 50 wakapimwa kwa Tamiflu pamoja na azithro. Kweli, dalili za mchochota kwenye damu zilishuka haraka zaidi. Lakini kushuka kwa namba za maabara ni jambo moja, na mtu kutoka wodini akiwa hai ni jambo lingine. Watu 50 hawatoshi kukuambia hilo la pili.

Halafu ikaja korona. Unakumbuka 2020? Nairobi nzima ilikuwa inatafuta azithro. Wataalamu wa kila grupu la WhatsApp walikuwa na dozi yao, na mimi nikiwemo. Uingereza wakafanya kitu ambacho sisi hatukufanya: walihesabu. Utafiti wa RECOVERY uliwafuatilia watu zaidi ya 7,700 waliolazwa na korona, wengine wakipewa azithro, wengine wasipewe. Waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 22 huku, na asilimia 22 kule. Utafiti huo huo ndio ulioonyesha kwamba deksamethasoni, dawa nyingine ya kutuliza mchochota, inaokoa wagonjwa wa korona walio kwenye oksijeni. Basi si tuwape na wa influenza? Hapana. Mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa influenza, na kwa ugonjwa ulio mkali linashauri madaktari wasitoe dawa za jamii ya deksamethasoni, na wasitoe makrolaidi kama hakuna dalili ya bakteria. Mchochota si moto wa jikoni kwamba maji yoyote yatauzima. Kila ugonjwa unawaka kivyake, na sehemu ya moto huo ndiyo inayokuponya.

Najua utakachoniambia, hasa kama umewahi kukaa kwenye benchi la hospitali zetu. Kipimo cha influenza kiko wapi? Maabara ya kuotesha bakteria iko wapi? Mgonjwa anahema, ni usiku, na daktari ni mmoja. Nakubali kabisa. Influenza hufungulia bakteria mlango. Wengi waliokufa kwenye janga la 1918 walimaliziwa na nimonia ya bakteria, na wakati huo antibiotiki hazikuwepo. Kwa hivyo ile sindano ya kwanza ya tata siipingi hata kidogo. Daktari aliogopa bakteria, na alikuwa na haki ya kuogopa. Ninachopinga ni kile kilichoongezwa juu, antibiotiki ya pili iliyotolewa kwa sababu ambayo haikuwa bakteria. Ukishasema antibiotiki ni ya "kupunguza inflamesheni," umeondoa breki zote. Maana inflamesheni iko kila mahali: mafua, kikohozi, goti la magokoro. Mlango huo haufungiki.

Na sisi watu wa Kisii hatuna kisingizio cha kutojua mwisho wa hadithi hii. Tumewahi kuiishi. Miaka ya 1990, milipuko ya malaria ilikuwa inapanda milimani kwetu kila Juni na Julai, na kila joto la mwili likaitwa malaria. Klorokwini ilimezwa kama njugu. Mwaka wa 1998 serikali ikaiacha kwa sababu vimelea walikuwa hawaiogopi tena, ikaleta dawa za aina ya Fansidar. Kufikia 2004 hizo nazo zikawekwa kando. Wazazi wetu walizika watoto katikati ya hayo mabadiliko. Bakteria nao wanajifunza vivyo hivyo. Mwaka wa 2019 pekee, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani waliuawa moja kwa moja na bakteria sugu.

Kama namba hiyo ni kubwa mno kuihisi, nikupe karatasi moja. Mwaka jana binamu yangu alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikaoza. Nikaenda kumwona na matokeo ya maabara mkononi. Orodha ya antibiotiki imepangwa kutoka juu kwenda chini, na mbele ya kila moja kuna herufi: S kama bakteria anasikia dawa, R kama ni sugu. Nikashuka na kidole. R. R. R. R. Nilihesabu saba kabla ya kufika kwa S ya kwanza, na hiyo dawa bei yake ilitufanya tuitishe mchango wa familia. Alikaa wodini wiki tatu huku mtoto akinyonyeshwa chupa nyumbani. Siwezi kusema vidonge vya tata ndivyo vilivyoleta kidonda kile. Hakuna anayeweza. Lakini kila R kwenye ile karatasi ilijengwa na mamilioni ya watu waliosema, kama mimi, "si ni vidonge vitatu tu?"

Kwa hivyo siku mtu wako akilazwa na homa ya mafua, wacha ubishi na daktari, lakini muulize. Dokta, hii antibiotiki inatafuta bakteria gani? Dawa ya virusi inapatikana? Na baada ya siku mbili au tatu, kama hakuna dalili ya bakteria, tutaiacha? Daktari mzuri hatakasirika. Na yule aliyechoka, anayeandika dawa kwa sababu anaogopa familia itasema hakufanya kitu, utakuwa umempunguzia mzigo.

Julai hii magokoro alinipigia. Ana mafua, anataka pesa za ile ya tata. Nikamuuliza, "Magokoro, unahema? Kifua kinauma? Unakula?" Akasema anakula vizuri, hata jana alichuma majani chai. Nikamwambia nitatuma nauli, aende hospitali akapimwe kifua, lakini pesa za vidonge situmi.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo tata yako ulimnunulia," akasema, "mimi hapana."

Kisha akakata simu. Nauli nilituma. Alichonunua nayo sijauliza.