Nduthi ya bei ya kutupa Kibich na Kawangware: soma hii kabla utoe ganji

Tembea Kibera Drive kutoka Olympic hadi Makina, ama ufuate Naivasha Road mpaka Kawangware 46. Hutakosa msee wa kukuambia kuna nduthi inauzwa. "Boxer safi, mwenyewe anarudi ocha, bei ni ya kutupa." Stori ni ile ile kila base. Swali lenye wengi hawaulizi ni hili: kama hiyo mashine inaleta doh kila siku, mbona mwenyewe ana haraka hivyo ya kuiachilia?

Jibu la hilo swali ndilo litakuambia kama unanunua kazi ama unanunua kesi.

Zinatoka wapi?

Nduthi zilijaa Kenya baada ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc. Boxer na TVS zikawa ofisi ya vijana wengi. Baadaye kampuni za mikopo kama Watu na Mogo zikaingia soko: unatoa kianzio, unaenda na mashine, deni unalimaliza polepole.

Hiyo ni poa mpaka kazi ianguke. Julai 2023, VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mafuta ikipanda, abiria wa kutoka Kawangware hadi Yaya bado anataka kulipa ile ya jana. Deni nalo halijui kama leo kulinyesha.

Msee akishindwa kulipa, ana njia mbili: mashine irudi kwa kampuni, ama aiuze chini ya maji kabla wamfikie. Hiyo ya pili ndiyo inakuhusu. Nduthi ya mkopo mara nyingi huwa na traka imefichwa ndani, na jina la mkopeshaji liko kwa logibuku. Unaweza kuinunua Jumamosi, ukaipoteza Jumatano, na mwenye alikuuzia simu yake imezimwa.

Kusema ukweli, si kila ya bei rahisi ni chafu. Kuna msee amepata kazi ya ofisi, kuna mwenye ameumia mguu, kuna mama ameachiwa nduthi na marehemu. Hao wote wana kitu kimoja: karatasi zao zinaongea.

Karatasi kwanza, injini baadaye

Wengi huenda na fundi kusikiza mlio, kisha wanauliza logibuku wakiwa tayari wamependa. Geuza hiyo.

Uliza namba ya usajili, ile inaanza na KM, na ufanye sachi ya NTSA kupitia eCitizen. Ada yake ni karibu shilingi 550. Hiyo ni bei ya chakula cha siku moja kuokoa akiba ya mwaka. Angalia jina la mwenyewe, kisha ulinganishe na kitambulisho cha huyo ako mbele yako. Kama ni jina la kampuni, ama majina mawili, deni linaweza kuwa bado linapumua. Itisha barua ya kuonyesha limeisha, na uipigie kampuni mwenyewe. Usipige namba yenye muuzaji amekupea.

Halafu inama. Namba ya chasi huwa imechongwa kwa shingo ya fremu, pale chini ya usukani. Ya injini iko kwa injini yenyewe. Zote mbili zifanane na logibuku, herufi kwa herufi. Ukiona pamesuguliwa na msasa, ama pamepakwa rangi mpya mahali pamoja tu, rudisha mkono mfukoni.

"Lakini tutaandikiana makubaliano kwa wakili." Sawa, yaandikwe. Lakini sheria ya trafiki inasema mwenye jina lake limesajiliwa ndiye huhesabiwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vingine. Pia inakupa siku 14 tu za kuendesha kabla usajili ubadilishwe. Kwa hivyo yeye aanzishe uhamisho kwa akaunti yake ya eCitizen mkiwa pamoja, wewe ukubali kwa yako, ndio doh itembee. Na kama ni ya wizi, kupatikana na mali yenye ulijua ama ulifaa kujua imeibiwa kunaweza kukufunga hadi miaka 14. Bei ikiwa nusu ya soko, hakimu atakuuliza hukushuku aje.

Tena kumbuka Machi 2022. Mwanamke alidhulumiwa na wanaboda pale Barabara ya Profesa Wangari Maathai, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako nchi nzima. Msako kama huo ukija, asiye na karatasi ndiye wa kwanza kupakiwa.

Sasa mashine yenyewe

Fika asubuhi bila kuambia mtu saa kamili, na uguse injini. Ikiwa moto, kuna mtu amekuamshia ili usione ikikataa kuwaka. Rudi kesho.

Ikiwaka baridi, tazama moshi. Wa bluu usioisha unamaanisha inakula oili, na kufungua injini si pesa ya soda. Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi: ikiachana na meno, imeisha. Bana breki ya mbele na usukume nduthi mbele na nyuma. Ukisikia "ko-ko" kwa shingo, beringi zimelegea. Zungusha kila gurudumu uone kama rimu inacheza, na upapase fremu kutafuta mahali palichomelewa.

Namba ya kilomita usiiamini. Kebo hukatwa. Amini raba za kukanyagia na kiti: kilomita elfu nane hazimalizi raba ya gia.

Piga hesabu ya pili

Tuseme umepata ya elfu 70, na ya pili ni elfu 90 yenye karatasi safi. Ya kwanza inataka cheni na sproketi, tairi mbili na ringi. Hizo zote, na siku za kulala gereji ya Kirinyaga Road bila kuingiza kitu, zinaweza kumeza ile elfu 20 na bado haujatatua jina la nani liko kwa logibuku.

Na zile za stima zimeanza kuuzwa mitumba pia. Kuwa rada: kwa mfumo wa kubadilisha betri, betri huwa ni ya kampuni. Unaweza kujikuta umenunua fremu na magurudumu tu. Uliza kampuni kama akaunti inaweza kuhamia kwako.

Mtaani tunasema haraka ya muuzaji ni shida yake. Mpe siku mbili tu za kusubiri sachi na fundi. Mwenye nduthi halali atalalamika kidogo halafu atangoja, juu hana cha kuficha. Mwenye ataanza kukwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa mkononi, mwache huyo mteja ainunue.