Mbili na Tisa, Tisa na Mbili

Haya wazazi vijana, mwezi huu tuyaweke pembeni ya mahaba, tuongelee ugomvi wa saa mbili usiku: daftari la hesabu la mtoto.

Nimeyaona haya kwa shoga zangu zaidi ya mmoja. Watu wamerudi kazini hoi, foleni imewamaliza, mtoto analeta 2 + 9. Anaanzia tisa, anakunja vidole viwili: "Kumi, kumi na moja!" Baba anakuja juu: "Anza na mbili, ndiyo iliyoandikwa kwanza!" Mama anamtetea mwanawe. Wawili wananuniana hadi asubuhi, na mtoto anaondoka na somo moja tu: hesabu huleta ugomvi nyumbani.

Jamani, huyo mtoto ana akili! Amegundua kwamba ukijumlisha, mpangilio haubadilishi jibu. Badala ya kuhesabu hatua tisa mbele, kahesabu mbili tu. Na faida yake si ndogo. Namba 1 hadi 9, ukizijumlisha mbili mbili, zinatoa maswali 81 ya kujua kwa kichwa. Akishaelewa kwamba 2 + 9 na 9 + 2 ni kitu kilekile, yanabaki 45. Karibu nusu ya mzigo kautua!

Ila usimkaririshe, mwonyeshe. Mimi napenda kutumia kete ya dhumna. Chukua yenye nukta tano upande mmoja na mbili upande wa pili. Muulize jumla, igeuze, muulize tena. Mwanzoni atahesabu upya. Usimcheke, bado hajaamini. Kesho jaribu kwa vizibo vya soda, vitatu huku, vinne kule. Siku akikujibu bila kuhesabu upya, ujue kashika.

Hapo mtahadharishe: kwenye kutoa, mchezo huo haupo. Mwenye chapati 5 anaweza kula 3, zikabaki 2. Mwenye chapati 3 atakulaje 5?

Na nyie wawili, kubalianeni kabla daftari halijafunguliwa. Kama mwalimu anataka njia fulani, muulizeni sababu. Mkitofautiana, malizaneni chumbani. Mtoto akileta jibu, msikimbilie kalamu nyekundu. Muulizeni, "Umefikaje hapo, mwanangu?" Kisha nyamazeni, mumsikilize.