Namba 503 si kosa la bando langu



Naandika nikiwa bado na hasira. Juzi nilishinda steshenari kuanzia saa tatu asubuhi hadi wanafunga, nikimwombea binti yangu nafasi ya chuo kwenye tovuti ya taasisi moja ya umma. Ilikuwa siku ya mwisho. Hela imekwenda, maombi hayajulikani yalipo.

Asubuhi ukurasa ulifunguka vizuri. Tukajaza majina, tukapandisha cheti cha kuzaliwa, tukapata kontroli namba, nikalipa kwa simu na ujumbe wa malipo ukaingia. Kijana wa pale alipobofya kuwasilisha, kiduara kikazunguka weee, mwisho ukaja ukurasa mweupe: 504. Nikamwambia abofye tena. "Hapana mama," akasema, "huenda yamefika, jibu tu ndilo halijarudi. Tukibofya tena tunaweza kuyatuma mara mbili." Tukafungua upya tuangalie. Sasa ikawa 503. Saa sita 503, saa tisa 503. Binti yangu amekaa pembeni, bahasha ya vyeti mapajani, hasemi kitu.

Nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Mhudumu akaniambia mtandao wangu ni dhaifu, ninunue bando la kampuni nyingine. Nikanunua la elfu mbili. 503 ikabaki palepale.

Kijana yule ndiye aliyenifumbua macho. Namba zinazoanza na 4 kwa kawaida zinatokana na upande wa anayeomba: 404, ukurasa unaoutafuta haupo, 403, huruhusiwi kuingia. Zinazoanza na 5 ni za seva, yaani za mwenye tovuti. 500, programu yake imekwama ndani kwa ndani. 502, seva ya mbele imepewa jibu bovu na ya nyuma yake. 504, imesubiri jibu mpaka muda ukaisha. 503, imezidiwa na watu au iko kwenye matengenezo. Kuiona tu namba hiyo ni ushahidi kwamba bando langu lilifika hadi mlangoni kwao na kurudi. Lingekuwa limekata, kivinjari kingesema hakuna intaneti.

Sasa kwa nini niambiwe kosa ni langu? Siku ya mwisho wameipanga wao, na wanajua watu watamiminika. Wangeongeza uwezo wa seva mapema. Likishindikana hilo, waandike kwa Kiswahili: "Tumezidiwa, jaribuni tena saa kumi." Seva inaporudisha 503 inaweza kutaja na muda wa kujaribu tena, na mafundi wao wanalijua hilo.

Na wanasiasa nao. Mfumo ukizinduliwa wanajaa chini ya maturubai, ngoma zinapigwa, fulana zinagawiwa, tunaambiwa foleni zimekwisha. Foleni ipo, imehamia steshenari, na tunailipia kwa saa. Siku mfumo umeanguka simwoni hata mmoja wao akija kutueleza. Kura wanakuja kuziomba mlangoni, tena kwa miguu.

Ninachodai ni dirisha la maombi lifunguliwe tena, walau siku tatu, kwa wote waliokwama siku ile, na waliokwisha kulipa wasitozwe upya. Risiti ninayo. Picha ya ukurasa wa 503, saa na tarehe vikionekana juu, ninayo pia kwenye simu.

Mama wa mwombaji,
Morogoro