Yafaa Tuanzishe Chama cha Motokaa za Njia Mbaya

Nilipolitaja shauri hili bwenini, wenzangu walicheka sana. Mmoja aliniuliza, "Utaendesha nini, toroli la jikoni?" Mwingine akasema kwamba kila motokaa ina magurudumu manne, basi chama cha nini? Kengele ya kulala ililia kabla sijawajibu, kwa hiyo nawajibu hapa.

Ni kweli kwamba kila motokaa ina magurudumu manne, lakini katika motokaa nyingi injini huzungusha mawili tu. Yale mengine hufuata kama mkokoteni. Katika motokaa ninazozisema, injini huweza kuyazungusha yote manne, na mawili yakiteleza, mengine hushika ardhi. Ndiyo maana Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka wa 1948, ilipendwa upesi na wakulima na watu wa misitu.

Lakini kuwa na chombo si kujua kukitumia. Likizo ya Aprili iliyopita, usiku wa mvua, shangazi yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Jirani yetu mwema alitoa motokaa yake, kuukuu lakini ya aina hiyo hiyo. Hatukwenda hata kilometa tatu, tukazama katika udongo mweusi. Jirani alivuta kigingo cha gia, akakanyaga mafuta, na kadiri alivyokanyaga ndivyo tulivyozidi kuzama. Tulisukuma mpaka viatu vyetu vikabaki topeni. Shangazi alikuwa akilia ndani, na mimi, mwanafunzi wa fizikia wa Kidato cha Nne, nilikuwa nimeshika tochi tu.

Ndipo alipokuja mzee mmoja ambaye zamani alikuwa dereva wa msituni. Hakusukuma. Alipiga magoti topeni, akashika kifundo kilichomo katikati ya gurudumu la mbele, akakizungusha kwa mkono, kisha akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Katika motokaa nyingi za zamani, vifundo hivyo visipofungwa, magurudumu ya mbele hayapati nguvu ya injini, hata ukivuta kigingo namna gani. Jirani alikuwa hajaambiwa jambo hilo tangu aliponunua motokaa ile. Halafu mzee akapunguza upepo wa matairi ili yatandae juu ya tope, akatuamuru tupange matawi na mawe mbele yake, akaingiza gia nzito, akaondoka polepole. Haikupita robo saa tukawa njiani. Shangazi alijifungua salama, lakini mkunga alituambia kwamba tungekawia zaidi asingaliweza kutuahidi lolote. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzee yule aliinama kwa sababu alijua cha kutafuta. Sisi hatukujua.

Hapa ndipo inapoonekana faida ya chama. Watu waliojiunga pamoja hufundishana mambo kama hayo kabla ya siku ya shida. Hujifunza kuvuta gari lililokwama bila kukata kamba na kuumiza watu, kupima kina cha mto kabla ya kuuvuka, kusoma ramani na kutoa huduma ya kwanza.

Tena chama cha namna hii huweza kuwafaa hata watu wasio na motokaa. Wengi wetu hapa tunatoka kando ya milima ya Nyandarua. Babu yangu husimulia jinsi alivyokuwa akikesha shambani na debe mkononi kuwafukuza ndovu, na mara nyingine asubuhi asikute hata kiazi kimoja. Mwaka wa 1989 yalianza mashindano ya Rhino Charge, kusudi yapate fedha za kujenga ua wa umeme wa kulinda vifaru wa milima hiyo. Ua huo, ambao ulikuja kukinga hata mashamba, ulikamilika mwaka wa 2009, urefu wake karibu kilometa 400. Sasa babu hulala usiku.

Na mashindano yenyewe si ya mbio, kama wengi wadhanivyo. Madereva hupewa vituo 13 vya kufikia kwa saa kumi mahali pasipo barabara, na ashindaye ni yule aliyevifikia vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenzake. Kwa hiyo mwenzao mmoja hushuka na kutangulia kwa miguu kutafuta njia kati ya mawe na makorongo. Sifa hapo ni ya akili na ushirikiano.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema huo ni mchezo wa matajiri. Sikatai kwamba motokaa za mashindano ni ghali mno. Lakini mimi siombi motokaa. Naomba mwalimu mmoja, chumba siku ya Jumamosi, na ruhusa ya kulifungua lile gari bovu lililolala nyuma ya karakana, ambalo kwa sasa linawafaa kuku peke yao. Wala hatutaendesha barabarani, maana leseni hatuwezi kuipata kabla ya kutimiza miaka 18.

Wa pili atasema motokaa hizi huharibu ardhi. Ni kweli. Dereva mjinga akipita penye majani mabichi wakati wa mvua huacha mifereji miwili, na mwaka wa pili mifereji hiyo ni korongo. Basi kazi ya kwanza ya chama chetu iwe kuzibua mitaro ya njia ya shule na kupanda miti penye mmomonyoko.

Wa tatu atasema tuna mtihani. Namjibu kwamba kapi, msuguano na mikondo ya ramani vimo mtihanini, na atakayeviona kwa macho hatavisahau.

Kuna na wa nne, ambaye hasemi kwa sauti: kwamba mimi ni msichana. Huyo namkumbusha kwamba aliyekuwa akilia ndani ya motokaa usiku ule alikuwa mwanamke. Haifai tungoje daima mtu mwingine ashuke topeni kwa ajili yetu.

Namwomba Mwalimu Mkuu na wazazi wetu walifikirie shauri hili kabla ya mvua zijazo. Mimi nitaondoka shuleni mwaka huu, wala sitakifaidi chama hicho muda mrefu. Lakini wadogo zetu watabaki, na udongo mweusi pia utabaki.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne